Uzi: "Baby Elephant Walk", muziki uliozaliwa na mwendo wa ndama wa tembo wa Tanganyika

Msikiliza Santuri:

Wakuu, heshima zenu. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na leo nimeona niliweke mbele yenu ili wenye kulijua zaidi waniongezee na wenye kupinga wapinge kwa hoja. Wengi wetu tukisikia "Baby Elephant Walk" tunautambua kabla hata klarineti haijaingia, na wapo wanaoweza kuupigia mluzi mwanzo hadi mwisho. Nimegundua hata hivyo kwamba ni wachache wanaojua kuwa ndama waliousababisha walikuwa ndama wa tembo wa nchi hii, na kwamba filamu iliyoubeba inaitwa kwa neno letu la Kiswahili: Hatari!

Filamu yenyewe iliongozwa na Howard Hawks wa Marekani, ambaye alifika Tanganyika mwishoni mwa 1960 na kupiga picha hadi Machi 1961, hasa katika maeneo ya Arusha, kabla ya kurudi Hollywood kumalizia sehemu za ndani. Waigizaji walikuwa mchanganyiko wa mataifa: John Wayne na Red Buttons wa Marekani, Elsa Martinelli wa Italia, Hardy Krüger wa Ujerumani, Gérard Blain wa Ufaransa. Kisa ni cha kikundi kinachokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo, na makao yao ni Momella. Faru na twiga mnaowaona wakifukuzwa na magari ni wanyama wa porini kweli, na waigizaji wenyewe walikuwa juu ya magari hayo. Jambo moja hunigusa kila ninapoitazama: picha zilipigwa tukiwa bado chini ya Mwingereza, lakini filamu ilipofika kwenye majumba ya sinema katikati ya 1962, Tanganyika ilikuwa nchi huru tangu tarehe 9 Desemba 1961.

Sasa nije kwenye muziki. Hawks hakutaka filamu ya Afrika iliyojaa fidla. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alimwendea kwanza Dimitri Tiomkin, mtunzi mkubwa aliyemfanyia muziki wa filamu yake ya Rio Bravo, akamweleza kwamba hataki ala za nyuzi. Tiomkin alikubali, lakini siku iliyofuata akauliza kama kweli mwongozaji alikuwa amemaanisha alichosema, na kazi yake ikaishia hapo. Ndipo zamu ilipomfikia Henry Mancini, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa ameanza kutajwa kila mahali kwa sababu ya muziki wa Peter Gunn, mfululizo wa televisheni wa mwaka 1958, na wimbo "Moon River" wa mwaka 1961. Hawks alimkabidhi sanduku la ala alizozikusanya huku kwetu: vibuyu, vinanda vya kupigwa kwa vidole gumba, na maganda makavu ya mbegu yenye urefu wa karibu futi mbili ambayo hulia yakitikiswa. Mancini alivitumia kweli. Sikilizeni "Sounds of Hatari" kwenye santuri ya muziki wa filamu hiyo, mtasikia jinsi alivyotandaza mlio wa vitu hivyo kwa dakika kadhaa kabla ya kuachia tarumbeta zifunguke.

Muziki wa ndama, hata hivyo, haukutoka kwenye sanduku lile. Wakati wa kupiga picha, ndama watatu walikuwa wamemzoea sana Elsa Martinelli, ambaye katika filamu ni mpigapicha anayeitwa Dallas, na walimfuata kila alikokwenda. Siku moja walipigwa picha wakimfuata kwenda kuoga majini. Tukio hilo halikuwa kwenye mswada, halikusogeza kisa mbele, na Hawks aliporudi Marekani alikuwa akifikiria kulikata. Kabla ya kulikata alimwonyesha Mancini na kumuuliza anafikiri nini. Mancini alilitazama mara kadhaa, akitazama miguu. Alieleza baadaye katika kumbukumbu za maisha yake kwamba aliona ndama wale wanatembea bugi, ule mtindo wa piano wa Wamarekani Weusi, mapigo manane kwa kila kipimo, na akakumbuka muziki wa zamani wa Will Bradley uitwao "Down the Road a Piece". Akaenda akaandika. Tukio likabaki kwenye filamu.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, wakuu. Mtunzi wa kawaida angeona tembo akaandika ngoma nzito na mapembe, kwa sababu tembo ni mkubwa. Mancini hakuanzia kwenye ukubwa wa tembo wala kwenye wazo la Afrika alilolisoma kitabuni. Alianzia kwenye kitu kilichokuwa kinatokea mbele ya macho yake, yaani namna nyayo zinavyoshuka chini. Ninaamini kabisa kwamba ndiyo sababu muziki huu usiofikia dakika tatu umeishi miaka sitini na zaidi, ilhali nyimbo nyingi za filamu za porini za zama zile zimesahauliwa pamoja na ngoma zake zote.

Tazameni alivyougawa. Unaanza na kaliope ya umeme, kinanda chenye mlio wa filimbi kama zile za sarakasi, kikipiga mstari wa besi ambao kwa desturi ungepewa ala nzito. Kwa hiyo unapata mwendo wa mnyama mzito uliowekwa kwenye sauti nyepesi, na hapo hapo unajua kuwa mnyama huyu ni mtoto. Kisha inaingia klarineti ndogo, ile yenye sauti ya juu kuliko klarineti ya kawaida, ikiimba melodia kwa namna ya mtoto anayejiona mkubwa. Tuba inajibu kwa chini. Hakuna aliyetuambia kwa maneno kwamba ndama ni mzito na mchezaji kwa wakati mmoja, lakini masikio yanaelewa.

Mwaka 1963 muziki huu ulipata tuzo ya Grammy ya mpangilio bora wa muziki wa ala. Ninasisitiza neno mpangilio, kwa sababu waliotoa tuzo hiyo walitambua kuwa thamani yake iko katika uchaguzi wa nani apige nini.

Ningependa kusikia kutoka kwenu. Je, mliufahamu kwa njia ya filamu au kwa njia nyingine? Na je, mnauhesabu kuwa una sehemu yetu?

---

Mwenyeji wa Meru:

Shikamoo mleta uzi, kwa maana maandishi yako yanaonyesha umeona mengi. Mimi ni mzaliwa wa upande wa mashariki wa Mlima Meru, na jina la filamu hii kwetu halijawahi kuwa geni. Hardy Krüger alipenda Momella kiasi cha kununua shamba pale na kuishi nalo kwa miaka, na nyumba yake ya zamani leo ni sehemu ya loji inayoitwa Hatari. Wageni wanaofika pale wakitokea Ujerumani mara nyingi wameiona filamu utotoni, na wapo wanaofika langoni wakiupiga mluzi muziki huo. Eneo lenyewe lilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, yaani mwaka uleule ambao Hawks alifika, na baadaye likapanuliwa na kupewa jina la Arusha.

Nina jambo dogo la kuongeza. Ndani ya filamu, baada ya Dallas kumchukua ndama aliyebaki yatima na kumtafutia maziwa ya mbuzi, Waarusha wanampa jina la Mama Tembo. Mama yangu mzazi alipoitazama filamu hii pamoja nami, hakuvutiwa na John Wayne hata kidogo. Alivutiwa na habari ya maziwa ya mbuzi, akasema kwamba mtu aliyehangaika kiasi kile kulisha mtoto asiye wake anastahili kuitwa mama. Muziki ulipoanza na ndama wakaanza kufuatana kwenda majini, alinyamaza, kisha akasema, "Hao wanamfuata kweli." Nadhani hicho ndicho alichokiona Mancini pia. Ndama wale hawakuwa wakiigiza.

Kuhusu yale maganda ya futi mbili, sisi watoto wa huku tuliyachezea sana. Maganda ya mkrismasi yakikauka, ukiyatikisa yanalia kama kayamba.

---

Mwalimu wa Bendi:

Wakuu, nimefundisha bendi za matarumbeta za shule kwa zaidi ya miaka ishirini, na muziki huu nimeufundisha mara nyingi, kwa hiyo nitazungumza upande wa ndani ya kazi yenyewe.

Mleta uzi ametaja mapigo manane kwa kila kipimo, na ningependa kulifafanua kwa wasiosoma muziki. Katika bugi, mkono wa kushoto wa mpiga piano haupumziki. Kila pigo kati ya mapigo manne ya kipimo hugawanywa mara mbili, na besi hupiga mara nane bila kuacha nafasi, huku mkono wa kulia ukicheza kwa uhuru juu yake. Sasa mtazameni tembo anapotembea. Huinua mguu wa nyuma wa upande mmoja, kisha wa mbele wa upande uleule, kisha wa nyuma wa upande wa pili, na kumalizia na wa mbele. Miguu minne hushuka kwa nyakati nne tofauti, mmoja baada ya mwingine, kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Mizunguko miwili ya mwendo wake ni nyayo nane. Tena tembo ana sifa ambayo farasi na mbwa hawana: hata akiharakisha kiasi gani, haachi ardhi kwa miguu yote minne kwa pamoja. Besi ya bugi iko hivyohivyo, haina mahali pa kuruka, kwani daima kuna sauti iliyo chini. Sisemi kwamba Mancini alikaa akahesabu miguu kwa kalamu. Ninachosema ni kwamba sikio lake halikukosea, na mtu yeyote anaweza kulithibitisha kwa kumtazama tembo.

Umbo lake ni la bluzi ya vipimo kumi na viwili, umbo lilelile la maelfu ya nyimbo za Wamarekani Weusi. Ni umbo ambalo mwanafunzi wa wiki ya tatu anaweza kulishika, na hii ni sababu moja kubwa ya kuenea kwake. Bendi za shule za Marekani zimeupiga kwa miongo mingi, na upo katika vitabu vya wanaoanza piano. Lakini urahisi wake una mtego. Wanafunzi wangu huupiga kwa nguvu mno, kwa sababu wamesikia neno tembo, na kila anayeshika tuba anataka kuwa tembo dume. Muziki ukipigwa hivyo hufa. Ndama akikosea hatua hujirekebisha na kuendelea, hapigi kishindo. Nimewahi kusimamisha mazoezi mara tisa kwa jioni moja kwa ajili ya vipimo vinne vya mwanzo tu, kwa sababu bila mwendo wa besi kuwa mwepesi na wenye swingi, klarineti haina mahali pa kukanyaga.

Mancini alikuwa mwalimu pia. Mwaka 1962, mwaka uleule wa filamu, alitoa kitabu cha kufundisha namna ya kupanga muziki kwa ala mbalimbali, chenye mifano kutoka kazi zake mwenyewe. Hakuficha ujuzi wake, na ninamheshimu kwa hilo kuliko kwa tuzo zote.

---

Binti wa Mvita:

Assalaam aleikum, na nawashukuru kwa uzi wenye adabu. Naomba niulize swali ambalo si la kufurahisha. Kila mara tunapokuta kazi mashuhuri ya ng'ambo yenye jina la Kiswahili, tunafurahi kana kwamba tumetunukiwa. Neno hatari lilichukuliwa, ndama walichukuliwa, ala zilichukuliwa zikiwa kwenye sanduku, na jalada la santuri likabaki na jina la Mancini. Moja ya nyimbo za santuri hiyo inaitwa "Big Band Bwana", na neno bwana pale halikutumika kwa namna tunayolitumia sisi tunapoitana barazani. Waliochonga vile vinanda vya vidole gumba walikuwa akina nani? Wagogo wana ilimba, na ukimsikiliza marehemu Hukwe Zawose utajua kwamba kile si kifaa cha kuongezea ladha, ni ala iliyo kamili yenye mabingwa wake. Je, si haki kusema kwamba tuliporwa, na kwamba "Baby Elephant Walk" ni muziki wetu uliovishwa koti la watu wengine?

---

Msikiliza Santuri:

Waaleikum salaam, dada yangu. Swali lako ni la haki na nitalijibu kwa vipande viwili, kwa sababu naona kuna mambo mawili ndani yake.

Kuhusu ala, nakubaliana nawe bila kupunguza neno. Kifaa kinapotolewa kwenye mikono ya anayekijua na kuwekwa kwenye sanduku, kinafika kikiwa mlio tu. Mancini alipokea mlio, akautumia kwa ustadi wake, lakini hakukaa na mpiga ilimba hata siku moja. Mimi husikiliza "Sounds of Hatari" kwa kupenda, na kila mara hufikiri jinsi ambavyo ingekuwa kama ndani ya studio ile angekuwepo mtu mmoja wa Dodoma. Zawose alizaliwa 1938, kwa hiyo mwaka wa filamu alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Sitaki kuipamba historia ambayo haikutokea. Ninataja umri wake ili ieleweke kwamba mabingwa walikuwepo, hai na wenye nguvu, wakati sanduku linasafiri bila wao.

Lakini kuhusu muziki wa ndama wenyewe siwezi kukubali kwamba ni wetu uliovishwa koti, na sababu yangu ni kwamba una wenyewe wengine ambao nao wamedhulumiwa mara nyingi. Bugi ni ya Wamarekani Weusi. Ilikua katika vilabu na nyumba za starehe za wafanyakazi wa reli na wa kambi za mbao, kabla Pinetop Smith hajairekodi kwa jina hilo mwaka 1928. Desemba 1938 Albert Ammons, Meade Lux Lewis na Pete Johnson waliipiga katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, na baada ya hapo Marekani nzima ikaitaka. "Down the Road a Piece", ambao Mancini anautaja mwenyewe, ulirekodiwa 1940 na watu watatu kutoka bendi ya Will Bradley, bendi ya Weupe iliyojijengea jina kwa kupiga bugi. Ukifuata uzi huo nyuma, unawafikia wapiga piano Weusi ambao majina yao hatuyajui, kama tusivyoyajua majina ya wachonga vinanda. Tukisema "Baby Elephant Walk" ni wetu, tutakuwa tumewanyang'anya hao kwa mara ya pili.

Kilicho chetu ndani yake ni mwendo. Ndama wale walijifunza kutembea kwenye udongo huu, na mwendo wao ndio uliomfanya mtu aliyekaa kwenye chumba cha giza Hollywood akumbuke muziki wa ujana wake. Kwangu mimi hiyo ni sehemu halisi, na sihitaji kuiongeza chumvi ili niipende.

Kuhusu "Big Band Bwana", umesema kweli. Jina lile linanikera pia, ingawa muziki wake ni mzuri.

---

Mbeba Boksi Pittsburgh:

Ndugu zangu, salaam kutoka Pennsylvania. Ninaishi umbali mfupi kutoka West Aliquippa, mji mdogo wa kando ya mto ambako Mancini alikulia, na ninaomba kuongeza habari za mtu mwenyewe kwa sababu zinaeleza kitu kuhusu sikio lake.

Alizaliwa Cleveland, Ohio, tarehe 16 Aprili 1924, na jina lake la kuzaliwa ni Enrico Nicola. Baba yake, Quinto, alikuwa mhamiaji wa Kiitaliano aliyefanya kazi katika kiwanda cha chuma na aliyependa filimbi kuliko kitu chochote. Alimfundisha mwanawe kupiga pikolo, ile filimbi ndogo yenye sauti ya juu, tangu akiwa na miaka minane, na baba na mtoto walipiga pamoja katika bendi ya jumuiya ya Waitaliano wa hapa, bendi ya mitaani ya kupita kwenye sikukuu. Mtoto aliyekulia ndani ya bendi inayotembea anajua muziki kwa miguu kabla ya kuujua kwa karatasi. Mwaka 1935 baba yake alimpeleka Pittsburgh kutazama filamu, na huko ndiko alikoamua kwamba kazi yake itakuwa kutunga muziki wa filamu. Baadaye Max Adkins, kiongozi wa bendi ya ukumbi wa Stanley hapa mjini, alimfundisha kupanga muziki. Baada ya vita alipiga piano na kupanga muziki katika bendi ya Glenn Miller iliyokuwa chini ya Tex Beneke, na kuanzia 1952 akawa mwajiriwa wa studio ya filamu ya Universal, ambako aliandika vipande vya filamu nyingi bila jina lake kuonekana.

Ninapofikiria ile klarineti ndogo na ile kaliope yenye mlio wa filimbi, naona mtoto wa mpiga pikolo. Watunzi wengi wakubwa wa filamu waliomtangulia walitoka kwenye konsavatori za Ulaya na waliwaza kwa fidla. Yeye aliwaza kwa ala za kupuliza, na alikuwa tayari kumpa mpulizaji mmoja jukumu lote la kubeba filamu. Mwaka mmoja baada ya Hatari! alifanya vivyo hivyo kwa filamu ya Pink Panther, ambako saksafoni ya Plas Johnson inanyatia kama mnyama anayejua kuwa anatazamwa. Ukiziweka kazi hizi mbili pamoja utaona ni ujuzi uleule: mnyama mmoja ananyata, mwingine anakanyaga kwa wayo mzima, na katika zote mbili besi ndiyo miguu. Hata Peter Gunn, ambayo haina mnyama, imesimama juu ya besi isiyobadilika.

Jambo la mwisho ambalo wapenzi wa santuri wanapaswa kulijua ni kwamba Mancini hakuwa akiuza muziki uleule uliomo ndani ya filamu. Alirudi studio na kuurekodi upya kwa ajili ya kampuni ya santuri ya RCA Victor, ukiwa umepangwa kwa ajili ya msikilizaji aliyekaa nyumbani. Ndiyo maana "Baby Elephant Walk" ya santuri ina mwanzo na mwisho uliokamilika kama wimbo unaojitegemea. Kwa njia hiyo uliweza kuiacha filamu nyuma na kwenda peke yake. Lawrence Welk aliurekodi mwaka 1962, Quincy Jones akauweka katika santuri yake ya kazi za Mancini ya 1964, na Hal David akauandikia maneno, ingawa kwa maoni yangu maneno hayo hayakuhitajika kabisa.

---

Binti wa Mvita:

Nimesoma majibu yote mawili kwa utulivu na nimeridhika na sehemu kubwa. Hoja ya kutowanyang'anya wenye bugi kwa mara ya pili sikuwa nimeifikiria, na ninaikubali. Bado nina neno moja kuhusu urithi wa muziki huu. Katika filamu za vichekesho na matangazo ya televisheni, nimeusikia ukiwekwa kila anapopita mtu mnene, ili watazamaji wamcheke. Hilo linaniudhi. Kwa maelezo yenu, mtunzi alitazama ndama kwa mapenzi, akaandika kilicho ndani ya mwendo wao. Wanaoutumia leo kumdhihaki mtu kwa mwili wake hawakuwatazama ndama wale hata kidogo.

---

Msikiliza Santuri:

Dada yangu, umegusa penye kidonda, na nashukuru kwamba wewe ndiye uliyelisema. Katika filamu yenyewe muziki haumcheki mtu. Unarudi mwishoni, ndama watatu wanapoingia mjini wakimtafuta Mama Tembo wao aliyetaka kuondoka, wakipita mitaani na kuingia hadi hotelini. Watazamaji hucheka, lakini wanacheka kwa sababu ndama wanampenda mtu na hawajui njia nyingine ya kulisema hilo isipokuwa kumfuata. Anayetaka kuusikia muziki huu ulivyokusudiwa aitazame filamu yote, saa mbili na dakika thelathini na saba, asiishie kwenye kipande kilichokatwa.

---

Mwalimu wa Bendi:

Wakuu, nimerudi na taarifa fupi. Jumamosi iliyopita nilifika mazoezini bila kugawa ala. Niliwatoa wanafunzi uwanjani, nikawaweka wawili wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma yake akimshika mabega, wakawa miguu minne. Nikawaagiza watembee kwa utaratibu wa tembo: wa nyuma kushoto, wa mbele kushoto, wa nyuma kulia, wa mbele kulia. Ilichukua karibu nusu saa hadi jozi ya kwanza ikapatia, na zilipopatia jozi sita kwa pamoja, uwanja wenyewe ukaanza kutoa besi. Nyayo nane, bila nafasi katikati. Kijana wa tuba, yule ambaye kila siku nilimwambia apunguze nguvu, alisimama pembeni akisikiliza, kisha akaniomba ruhusa akalete ala yake. Alipiga vipimo vinne vya mwanzo akifuata miguu ya wenzake, kwa sauti ya chini kuliko nilivyowahi kumsikia. Klarineti ile ndogo hatuna, kwa hiyo melodia nimempa binti anayepiga pikolo, na baada ya kusoma habari za Quinto na mwanawe hapo juu sioni sababu ya kutafuta ala nyingine.